Kumpeleka mtoto kuwinda bata mzinga mwitu Kentucky: panga hivi

Kila mwaka jimbo la Kentucky, Marekani, hutenga Jumamosi na Jumapili moja mwanzoni mwa Aprili kwa wawindaji walio chini ya miaka 16. Madume bado hawajazoea kusumbuliwa, wanalia alfajiri na kuitika upesi. Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, nikafika Lexington, mji wa Kentucky, nikiwa mtu mzima, na uwindaji wa bunduki nimejifunzia huku. Binti yangu nilianza kwenda naye akiwa na miaka tisa. Wazazi wenzangu, safari hii ipimeni kwa mtoto, si kwa ndege.

1. Karatasi, mapema

Mtoto chini ya miaka 12 hahitaji leseni wala kibali. Wa 12 hadi 15 anakata leseni ya vijana na kibali cha bata mzinga, na kwa kawaida lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mzazi aliyezaliwa 1975 au baadaye naye anahitaji cheti hicho ili awinde. Hapa niseme wazi kwa ndugu zetu: asiye na hati halali za kuishi Marekani haruhusiwi kushika bunduki, hata ya kuazima. Mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaigusa.

2. Bunduki na bega la mtoto

Nilikosea hapa. Nilimpa binti yangu bunduki yangu ya geji 12 (geji ni kipimo cha mtutu: namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana na teke ni kubwa). Alipiga mara moja, akanyamaza, akashika bega, na mwezi mzima hakutaka hata kuiona. Mpe bunduki fupi ya marisau, yaani ya kurusha vidonge vingi vidogo kwa pamoja, geji 20 au .410 ambayo ni nyembamba zaidi. Aanze na risasi nyepesi, ameketi, masikio yamezibwa. Akizoea, chora kichwa na shingo ya bata mzinga kwenye karatasi, uiweke yadi 20, apige risasi yenyewe ya kuwindia mara moja au mbili. Hesabuni pamoja matundu yaliyoingia kichwani na shingoni. Umbali ambao marisau yanajaa pale ndio mpaka wenu, hata dume mkubwa namna gani akisimama mbele zaidi.

3. Mahali

Ardhi nyingi huku ni ya watu binafsi. Nenda ukabishe hodi kwa mkulima ukiwa na mtoto, uombe ruhusa wiki kadhaa kabla. Ukikosa, kuna ardhi ya umma, kama Msitu wa Taifa wa Daniel Boone.

Kisha nendeni kutafuta dalili bila bunduki. Watoto hupenda sana siku hii. Majani yaliyopekuliwa chini ya miti ya mwaloni ni kazi ya bata mzinga. Mavi ya dume hupinda kama herufi J. Ya jike hujiviringa kama konokono. Jioni kaeni kimya msikilize wanaporuka kupanda mtini kulala. Hapo ndipo watakaposhukia kesho.

4. Kibanda na mfuko

Bata mzinga anaona mno, na mtoto hatulii. Kwa hiyo nunua kibanda cha kitambaa cha kujifichia, na kiti cha chini kwa kila mmoja. Bunduki ya mtoto ilale kwenye tegemeo, asiishike mikononi. Mvalishe nguo nzito kuliko unavyodhani na umpake dawa ya kupe. Asivae nyekundu, nyeupe wala buluu, hata soksi: ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine anaweza kudanganyika. Chakula kiwe maandazi yaliyofungwa kwenye kitambaa. Pakiti ya chipsi inasikika msitu mzima.

5. Alfajiri

Hapa Lexington jua hutoka karibu saa moja na robo, na ruhusa ya kupiga huanza nusu saa kabla. Fikeni gizani. Bunduki isitiwe risasi mpaka mmekaa, na wewe ukae karibu kiasi cha kuichukua papo hapo. Sheria inataka mtu mzima awe karibu hivyo. Simika sanamu ya jike hatua 15 mbele, ndani ya mpaka wenu. Ita kidogo kwa kuiga sauti ya jike, kisha nyamaza. Sauti ya dume mwingine msiifuate kamwe kwa kunyatia, maana huenda ni mtu anaita.

Dume akija amejitutumua, mkia umefunguka kama upepeo wa mkono, mtoto asubiri. Ita mara moja kwa ukali, naye atainua shingo. Hakikisheni ana ndevu kifuani, yaani kishungi kinachoning'inia kama nywele, ndipo mtoto apige pale manyoya yanapokutana na ngozi tupu.

Mwaka wa kwanza alikuja mmoja hatua 20, nikaziona kipi zake, ile miiba ya miguuni. Binti yangu alitikisa kichwa: hapana, baba. Tulimtazama akizunguka sanamu, akaondoka. Usimshurutishe mtoto. Akisema baridi, rudini nyumbani, hata kama ni saa mbili tu. Mwaka uliofuata aliniamsha yeye.

6. Akishaanguka

Ondoa risasi bundukini kwanza. Andika taarifa za ndege kabla ya kumsogeza, kisha mripoti kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, kwa simu au mtandaoni, kabla ya saa sita usiku. Nyumbani mwachie mtoto anyonyoe na achague unyoya wa mkia wa kuweka chumbani kwake. Kifua kikaange vipande vyembamba. Mapaja ni magumu: yachemshe kwa muda wa saa tatu na kitunguu na tangawizi, uyale na bugali (ugali) na sombe, yaani kisamvu.