Kituo cha ORS mtaani wakati wa kipindupindu: namna ya kukiandaa na kukiendesha

Mtu mzima aliyeshikwa na kipindupindu kikali anaweza kupoteza maji karibu lita 1 kwa saa. Akianza kuhara saa nane usiku, kufikia alfajiri, wakati ndugu bado wanahangaika kutafuta bodaboda, mwili umeshakauka. Akiachwa bila tiba, mgonjwa mahututi ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kufa. Akiwahiwa, vifo hushuka chini ya mtu 1 kwa kila wagonjwa 100. Janga la saba la kipindupindu duniani lilianzia Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, na mpaka leo halijaisha.

Kwa hiyo Wizara ya Afya ikishatangaza mlipuko, kambi ya matibabu peke yake haitoshi. Kila mtaa ulioguswa unahitaji kituo chake cha maji ya ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari ya kumrudishia mgonjwa maji mwilini. Mwongozo huu ni wa watendaji wa kata, maofisa afya na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaokabidhiwa kazi hiyo.

Mahali. Kiwekeni karibu na nyumba zenye wagonjwa. Ofisi ya kata ina meza na kivuli, lakini kama mama mwenye mtoto anayehara atatembea nusu saa kuifikia, haifai. Baraza la nyumba ya balozi linatosha, mradi kuna choo kisichopungua mita 30 kutoka kwenye kisima. Usiku lazima abaki mtu anayejulikana, mwenye pakiti na maji safi, ambaye watu wanaweza kumgongea mlango. Vituo vingi hufungwa saa kumi na mbili jioni, na hilo ni kosa kubwa.

Vifaa. Andaeni ndoo 3 za lita 20 zenye koki na mfuniko, vikombe, vijiko, chombo cha kupimia lita 1, sabuni, klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, daftari na pakiti za ORS. Hesabu ya pakiti ni rahisi. Mgonjwa aliyeanza kuishiwa maji anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa 4, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anakunywa lita 4.5, sawa na pakiti 5. Wagonjwa 10 wa namna hiyo wanamaliza pakiti 50, na bado hujahesabu za kwenda nazo nyumbani.

Maji ya kunywa. Yeyusha gramu 15 za klorini ya unga katika lita 1 ya maji. Hiyo ndiyo dawa mama, ya asilimia 1. Jaza ndoo 4 za lita 20 (inayopungua azimeni) kwa maji ya chanzo chenu, kisha tia mililita 2 za dawa mama katika ya kwanza, 4 katika ya pili, 6 katika ya tatu na 8 katika ya nne. Koroga, funika, subiri dakika 30, halafu pima klorini iliyobaki kwa kile kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Ndoo inayosoma karibu na miligramu 0.5 kwa lita ndiyo inayokupa kipimo chenu. Maji yenye tope hula klorini yote kabla haijaua wadudu, kwa hiyo yaache yatuame na uyachuje kwa kitambaa kwanza. Mvua ikinyesha, rudia jaribio.

Maji ya kunawa na kusafishia. Kwa mikono, kijiko cha chakula 1 kilichosawazishwa (gramu 15) katika lita 20 kinatoa asilimia 0.05. Kwa sakafu na choo, vijiko 2 katika lita 10 vinatoa asilimia 0.2. Tengeneza kila siku na uweke kivulini, maana jua huidhoofisha. Usitumie ndoo ya bati. Andika kila ndoo kwa herufi kubwa: klorini ya kunawa ina nguvu mara 1,000 kuliko ile ya maji ya kunywa, na mtoto mwenye kiu hachagui koki.

Kuchanganya ORS. Pakiti 1, lita 1, basi. Kosa linaloonekana kila mlipuko ni pakiti nzima kumiminwa kwenye chupa ya nusu lita. Chumvi inazidi, na mtoto mdogo anaweza kupata degedege. Asiye na chombo ajaze chupa mbili za nusu lita na kuzimimina pamoja kwanza. Usichemshe baada ya kuchanganya, na kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Pakiti zikiisha, tumia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa, katika lita 1.

Kunywesha. Hapa ndipo panapohitaji subira. Mtoto wa kilo 10 anahitaji mililita 750 ndani ya saa 4, yaani kama 190 kwa saa. Kijiko kimoja cha chai kila dakika ni mililita 300 kwa saa, kwa hiyo mama mwenye kijiko na kikombe anaweza kumrudishia maji yote. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Watu hukata tamaa kwenye matapishi ya kwanza, lakini sehemu kubwa ya alichokunywa imeshaingia. Kunyonyesha kusikatizwe. Dawa za kufunga tumbo msimpe mtu yeyote.

Bana ngozi ya tumbo na uiachie. Ikirudi polepole sana, macho yamezama, mgonjwa amelegea au hawezi kunywa, huyo ni wa dripu. Apelekwe kambini mara moja, na kama anaweza kumeza, aendelee kunywa njiani.

Nyumbani kwake. Kupuliza dawa kuta na paa kunaonekana kama kazi kubwa, ila hakuna faida iliyothibitishwa. Mpeni mwenye nyumba sabuni, klorini na maelekezo ya kusafisha choo, matandiko na sehemu zilizochafuka.

Daftari. Andika jina, umri, mtaa, saa aliyofika, kiasi alichokunywa, saa aliyopewa rufaa, na chanzo cha maji anachotumia. Jioni soma safu hiyo ya mwisho. Kisima kimoja kikijirudia, mjulishe ofisa afya usiku huohuo, au piga 199, namba ya Wizara ya Afya ya Tanzania, bila malipo, na kesho asubuhi awepo mtu hapo kisimani akitia klorini ndoo kwa ndoo. Majibu ya maabara yatakuja baadaye.