Ferrari World kutoka Dodoma: anza na tepu ya fundi cherehani

Safari za kwenda kupanda rola kosta, yaani treni za mchezo zinazokwenda kasi, haziharibikii uwanja wa ndege. Zinaharibikia kwenye foleni. Mtoto ametoka Dodoma mpaka Ferrari World, bustani ya michezo ya Abu Dhabi, amesubiri zamu yake, mhudumu anamsimamisha kwenye kipimo cha urefu na kumrudisha. Hapo habembelezwi mtu. Chuma kinachomshikilia abiria kimeundwa kwa mwili wa kimo fulani, na mwili mdogo unaweza kuteleza ukachomoka.

Kwa hiyo pima nyumbani. Mtoto avue viatu, visigino na mgongo viguse ukuta, nywele zilazwe. Weka kitabu kichwani kikiwa sambamba na sakafu, chora mstari, kisha pima kutoka chini. Fanya kazi hiyo jioni, maana uti wa mgongo hubanwa kadiri siku inavyokwenda na kimo hupungua hata sentimita moja. Kipimo cha asubuhi kitakudanganya. Rola kosta za kasi kwa kawaida hudai kati ya sentimita 120 na 140. Linganisha na masharti ya kila mchezo kwenye tovuti ya Ferrari World, ndipo uamue nani akatiwe tiketi ya aina gani.

Karatasi ni chache: pasipoti yenye uhai wa miezi 6 au zaidi, na viza iliyopatikana kabla ya kusafiri. Panda SGR hadi Dar es Salaam, kisha ndege. Ukishukia Dubai, kuna mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari mpaka kisiwa cha Yas, iliko Ferrari World. Ukishukia Abu Dhabi, uwanja wa ndege uko jirani kabisa. Tangu 2022 mapumziko ya wiki kule ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ofisi za serikali hufunga mchana. Nenda Jumanne au Jumatano, mbali na Idi, na uwe mlangoni kabla hapajafunguliwa. Tiketi ya kuruka foleni ina maana wikendi; siku tulivu ni kupoteza pesa bure.

Ukiingia, nenda moja kwa moja kwenye rola kosta ya Formula Rossa, kabla foleni haijarefuka. Sehemu kubwa ya Ferrari World iko chini ya paa lenye viyoyozi, lakini njia ya treni hii inatoka nje, hivyo upepo mkali, mvua au vumbi vinaweza kuisimamisha. Ukikuta inafanya kazi, usiiache kwa ajili ya baadaye.

Ilifunguliwa 2010. Inarushwa kwa mtambo wa haidroliki, inafikia kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde 4.9, kisha inapanda hadi mita 52. SGR uliyoijia hukimbia hadi 160, na huichukua muda mrefu kufika huko. Kabla ya kupanda Formula Rossa utapewa miwani ya kujikinga: kwa kasi ile, chembe ya mchanga ni jeraha la jicho. Mtu wa Dodoma anayelijua vumbi la Agosti hatahitaji maelezo zaidi.

Kaa hivi: sukuma makalio mpaka mwisho wa kiti, toa kila kitu mfukoni, ndipo chuma kishushwe mapajani. Simu au funguo zikibaki hapo, chuma hakikai sawasawa na paja litaumia. Egemeza kichwa kabla ya kuondoka. Ukiinama kutazama miguu, shingo itatupwa nyuma kwa nguvu. Macho yaelekee mbele. Wanaoyafumba ndio hutapika zaidi, kwa kuwa sikio la ndani linahisi mzunguko ambao jicho halijauona. Kiti cha mbele kina upepo na mandhari. Cha nyuma hukuinua zaidi kwenye vilele, kwa sababu mabehewa ya mbele yanakuwa yameshaanza kushuka na yanakuvuta.

Vaa viatu vya kamba, si ndala. Hijabu ibanwe na ncha zake ziingizwe ndani ya nguo. Mtandio unaopepea, khanga na mikufu viachwe kwenye kabati. Kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla. Tumbo tupu nalo huchafuka, kwa hiyo kushinda njaa si dawa.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, tatizo la shingo au mgongo, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni asipande, hata akijisikia mzima.

Kizunguzungu cha dakika chache ni kawaida: kaa, kunywa maji, subiri kiishe kabla ya mchezo mwingine. Kichwa kikiendelea kuuma, au kifua kikibana, mwone mhudumu akupeleke huduma ya kwanza. Na kama kuna mtoto asiyefikia kimo, mwulizeni mhudumu kabla ya kuingia foleni kama wazazi mnaweza kupokezana, mmoja apande na mwingine abaki na mtoto, bila kuanza foleni upya.