Karo Likisemwa Limejaa: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba Mwanza Aliye Ng'ambo

Ujumbe unaomfikia mwenye nyumba aliye ng'ambo kuhusu karo, yaani tangi la majitaka lililochimbiwa uwanjani, huwa mfupi: "Karo limejaa, tuma hela ya gari." Mimi niliupokea mara tatu katika msimu mmoja wa masika, nikiwa Uingereza, kutoka kwa mama yangu mdogo anayeishi katika nyumba yetu ya Buswelu, Mwanza, na mara zote tatu nilituma fedha bila kuuliza swali lolote. Gari la majitaka lilikuja, likanyonya, likaondoka. Baada ya siku nne au tano maji yakaanza tena kupanda katika tundu la bafu. Mama mdogo alisema alichokiona, na wenye gari walifanya walichoitiwa. Tatizo lilikuwa katika neno lenyewe, "limejaa", kwa sababu karo linalofanya kazi sawasawa huwa limejaa siku zote.

Majitaka huingia upande mmoja wa karo. Yaliyo mazito huzama na kuwa tope, mafuta na vitu vyepesi huelea na kufanya utando, na maji ya katikati hutoka kwa bomba la upande wa pili kuelekea shimo la kufyonza, ambamo huzama ardhini. Kwa kuwa kiasi kinachoingia ndicho kinachosukuma kiasi hicho hicho kitoke, usawa wa kawaida wa maji ni pale pale penye mdomo wa bomba la kutokea, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Kwa hiyo mfuniko ukishafunuliwa, swali la kwanza la kumwuliza aliye nyumbani ni kama maji yako juu ya mdomo huo, chini yake, au sawa nao.

Yakiwa sawa, karo halina lawama, na ikiwa maji yanarudi ndani ya nyumba basi kizuizi kiko kati ya choo na karo. Yakiwa juu, ama bomba la kutokea limezibwa na tope au utando, ama shimo la kufyonza limechoka na halipokei tena. Yakiwa chini, ilhali nyumba ina watu na karo halijanyonywa karibuni, basi karo linavuja. Hili la tatu ndilo hupita bila malalamiko, kwa kuwa halimsumbui mtu. Nimewasikia hata watu wakijisifu kwamba karo lao halijawahi kunyonywa tangu nyumba ijengwe. Inawezekana familia ni ndogo na karo ni kubwa, lakini tope haliozi likaisha lote, na karo lisiloomba gari kwa miaka ishirini mara nyingi ni karo lisilo na sakafu ya zege, linalopeleka kila kitu moja kwa moja kwenye nyufa za miamba.

Siku ya gari ndiyo siku ya kupata ushahidi, na ndiyo siku ambayo wengi wetu tunaipoteza. Mwombe aliye nyumbani asikubali mfuniko urudishwe upesi. Karo likishanyonywa, achukue video ya mdomo wa bomba la kutokea kwa dakika kumi, akisimama pembeni na kutumia mwanga wa tochi. Ukiona maji yanatiririka kurudi ndani ya karo kutoka upande wa shimo la kufyonza, jibu umelipata: shimo limefurika, na kulipia gari jingine ni kununua siku chache tu. Fanya pia hesabu kabla ya kulipa. Karo lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha maji cha mita 1.5 lina mita za ujazo 4.5, yaani lita 4,500. Ukiambiwa zimetoka tripu tatu za gari la lita 6,000, basi ama maji yanarudi kutoka shimoni, ama hesabu imepikwa. Vipimo hivyo vya karo viandike mahali ambapo havitapotea, kwa kuwa fundi aliyelijenga atahama na namba yake itabadilika.

Mwanza ina shida yake ya ardhi. Katika miinuko yenye mawe, mwamba uko karibu sana na uso wa ardhi, na fundi akikutana nao huacha kuchimba hapo alipofika, kisha akajenga karo dogo na shimo la kufyonza lisilo na udongo wa kufyonza. Maji hayana pa kuzama, hivyo hutambaa juu ya mwamba chini ya udongo na kutokeza mbali na yalikotoka, pengine nyuma ya nyumba ya jirani wa bondeni. Usiridhike, basi, na video ya uwanja wako peke yake. Mtume mtu ashuke mteremko, aangalie penye mguu wa jiwe na ukuta wa jirani, na awaulize kwa adabu kama wanapata unyevu au harufu. Huku chini kando ya ziwa shida ni kinyume chake, kwa maana maji ya ardhini yako juu na shimo hujaa kutoka chini. Waliojenga karibu na maji waliliona hilo mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda kufikia kina ambacho hakikuwa kimeshuhudiwa kwa miongo mingi, na likapanda tena mwaka 2024. Katika sehemu kama hizo kunyonya karo lote wakati wa masika kuna hatari ya ziada, kwani karo tupu hubanwa na maji ya nje, na la matofali huweza kupasuka, huku tangi la plastiki likiweza kuinuka kutoka shimoni.

Dalili za ndani ya nyumba zina mpangilio, na ukiujua unaweza kuzisoma ukiwa mbali. Sinki moja likipitisha maji polepole, kosa ni la bomba la sinki hilo. Kwa nyumba zetu zinazokaanga sangara, jikoni ndiko kwa kushukiwa kwanza, kwa sababu mafuta huganda ndani ya bomba na kulifanya jembamba. Maji yakirudi mahali pote, yakianzia tundu la bafu lililo chini kuliko mengine, kizuizi kiko mbele zaidi. Hapo mwambie afungue chemba, kile kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba kati ya nyumba na karo: ikiwa kavu wakati nyumba inatapika, bomba limeziba kabla ya chemba; ikiwa imejaa, kosa liko baada yake. Jaribio hilo la dakika tano linaweza kukuokolea gharama ya gari ambalo halikuhitajika, kwa kuwa kazi huenda ikawa ya fundi bomba na waya wake tu. Mlio wa kugugumia chooni mtu anapomwaga maji bafuni ni dalili ya mapema, na unastahili kuandikiwa ujumbe siku hiyo hiyo.

Harufu huwadanganya hasa wenye nyumba zinazofungwa miezi kumi na kufunguliwa Desemba. Chini ya kila sinki na kila tundu la bafu kuna mkunjo wa bomba unaobaki na maji ili kuzuia hewa ya karo isipande. Nyumba ikikaa bila mtu, maji hayo hukauka, na siku unayofungua mlango unapokewa na harufu inayokufanya uamini kwamba karo limekufa. Mwaga ndoo ya maji katika kila tundu, fungua madirisha, kisha subiri hadi kesho yake kabla ya kumwita mtu.

Nje, mwezi wa Julai husema ukweli kuliko Aprili. Nyasi zikiwa zimekauka uwanja mzima isipokuwa kipande kimoja cha kijani kibichi juu ya shimo la kufyonza, au migomba ya upande huo ikinawiri wakati wa kiangazi, maji yanapanda badala ya kuzama. Mbu wengi kupita kawaida huweza kuonyesha mfuniko wenye ufa au bomba la kupumulia lisilo na wavu. Kama kuna kisima uwanjani au kwa jirani, usingoje kibadilike rangi. Peleka maji yapimwe vijidudu maabara, kwa kuwa maji yaliyochafuliwa na choo yanaweza kuwa maangavu kabisa.

Dalili moja haivumilii kungoja: zege la juu lililobonyea au kuonyesha nondo zenye kutu. Hewa ya karo hugeuka tindikali kwenye unyevu na kulila zege kutokea ndani, hivyo slebu inayoonekana nzima juu huenda imebaki gamba. Watoto wasicheze hapo, gari lisiegeshwe hapo. Pia hakuna mtu wa kushuka ndani ya karo kwa sababu yoyote, hata likiwa limenyonywa, hata kama fundi anasema amezoea. Haidrojeni salfaidi, gesi ya karo inayonuka kama yai viza, ikizidi hulemaza pua, na aliyeacha kusikia harufu hudhani hewa imesafika. Anayeshuka kumwokoa mwenzake humfuata.

Kwetu Buswelu video ilionyesha maji yakirudi. Kabla ya kuchimba shimo jipya nilimwomba mama mdogo aulize MWAUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza, kama kuna bomba la majitaka linalopita karibu, kwa kuwa mamlaka hiyo imejenga mitandao ya mabomba membamba katika baadhi ya mitaa ya milimani. Halikuwepo, tukachimba upande wenye udongo. Kwa aliye kando ya ziwa ushauri wangu ungekuwa tofauti: asichimbe kwenda chini zaidi, kwa sababu atakuwa anayafuata maji; mitaro mirefu ya kufyonza isiyo na kina kirefu humfaa zaidi. Akumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Siku hizi mama mdogo ana ufito mrefu uliofungwa kitambaa cheupe kwa chini. Kila baada ya miezi sita anautumbukiza taratibu hadi sakafu ya karo, akiwa amesimama nje ya mdomo wa mfuniko, anausubiri kidogo, kisha anautoa na kupima kwa futi sehemu iliyopakaa tope jeusi. Tope pamoja na utando vikifika theluthi moja ya kina cha maji, ambayo kwa karo letu ni sentimita 50, gari linaitwa. Mara ya mwisho alinitumia picha ya kitambaa kikiwa juu ya gunia, na maneno machache: "Mwanangu, ishirini na nane. Hela ya gari kaa nayo."