SOMO: Kupandanisha hadithi tatu ili ujumbe uingie (inbox sijibu tena)

Wakuu salama. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita "unafanyaje watu wanakusikiliza saa nzima bila kushika simu", sasa naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki basi.

Kazi yangu ni kuzunguka kwenye vikundi vya kuweka na kukopa huku Morogoro na vijiji vya Kilosa, nashawishi watu watenge hela ya dharura. Mada inalaza watu hiyo hatari. Ndio maana natumia hadithi ndani ya hadithi.

Na wala sio kitu kigeni. Kwenye Alfu Lela Ulela mvuvi anamrudisha jini chupani kwa ujanja, halafu badala ya kumtupa baharini anaanza kumsimulia ya mfalme Yunani na tabibu Dubani, na humo ndani mfalme naye anatoa ya kwake, na yote hayo yanasemwa na Shahrazad ambaye shingo yake mwenyewe iko rehani mpaka asubuhi. Upande wa hipnosisi (kumtuliza mtu kwa maneno mpaka akili yake ielekee sehemu moja) anayetajwa sana ni Milton Erickson, daktari wa akili wa Marekani (1901-1980). Alipata mgonjwa wa saratani, mtu wa kuotesha maua, neno hipnosisi hataki hata kulisikia. Erickson akakaa naye akampigia stori za mche wa nyanya unavyokua taratibu, humo humo anapenyeza maneno ya kutulia na kupumzika, maumivu yakapungua. Aliiandika mwaka 1966. Msitegemee mtu adondoke usingizi, ni umakini tu umeelekea sehemu moja.

Hatua 1. Andika ujumbe wako nyuma ya tiketi ya basi. Usipoenea hujaujua.

Hatua 2. Tafuta hadithi tatu, ziwe zako au ulizoshuhudia.

Hatua 3. Fungua ya kwanza, ikate mtu akiwa katikati ya kufanya kitu. Usiseme "nitamalizia baadaye", hapo umeshawaamsha. Mwache mhusika ndio afungue inayofuata. Yangu mimi: dada yuko stendi ya Msamvu saa nane usiku, mtoto homa inapanda, mkobani ana nauli tu. Pembeni yake muuza kahawa mzee anamwambia "mwanangu mimi niliwahi kuuza baiskeli kwa bei ya kutupa..." na tayari tuko hadithi ya pili, hakuna aliyeona mlango. Aliyenunua baiskeli naye ana neno lake, hiyo ya tatu.

Hatua 4. Katikati kabisa sema ujumbe. Sauti ishuke, dakika mbili, usirudie rudie.

Hatua 5. KUFUNGA. Someni hapa polepole maana hapa ndio nilichemka. Unafunga kinyume, ya tatu, ya pili, ya kwanza, kama magari yaliyoingia uchochoro usio na pa kutokea, la mwisho kuingia ndio linatoka kwanza. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kijiji fulani, nimefungua zote safi, nimesema ujumbe, nikafunga ya baiskeli, mwenyekiti akasimama chai tayari viazi vinapoa, watu wakanyanyuka na mimi nikanyanyuka. Narudi baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka habari ya akiba, wote "yule mtoto alipona?" Mama mmoja akanivuta pembeni akaniambia yeye alizika mwanawe kwa homa hiyo hiyo na tangu siku ile halali vizuri. Nilikosa pa kuweka uso. Kwa hiyo: (a) usifungue kidonda usichokuwa na muda wa kukifunga, (b) angalia saa kabla ya kufungua ya pili, (c) ukibanwa ruka ujumbe ufunge hadithi, SIO kinyume chake, (d) zaidi ya tatu unajipotezea mwenyewe.

MASWALI

kibatari1: mkuu hii naweza tumia kwa demu akubali chap? nipe script

Script sina. Kama ujumbe wako ni "kubali usichokitaka" ishia hatua ya 1.

fundi_saa: ndefu sana sijamaliza, hadithi ngapi?

Tatu. Iko kwenye kichwa cha uzi.

Mtu wa Pwani: Si ndio mbinu za matapeli na manabii hizi? Unawafundisha watu kuibiana.

Wanazitumia ndio, ushuhuda ndani ya ushuhuda halafu kapu la sadaka. Mimi kwenye kikundi natoka sijashika hata mia ya mtu, na kura wanapiga kikao kinachofuata mimi sipo na akili zimepoa. Ukitaka kujikinga, ukiona unaombwa hela na hadithi bado haijaisha, mwambie amalizie kwanza. Utashangaa anavyokosa mwisho.

mwl_zamu: Asante kwa somo. Kuna utafiti wowote kwamba jambo lililokatwa linabaki kichwani? Na je, darasa la tatu wataweza?

Swali zuri mwalimu. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha mwaka 1927 kule Berlin, watu walikumbuka zaidi kazi walizokatishwa kuliko walizomaliza. Waliorudia jaribio hawakupata jibu lile lile kila mara, kwa hiyo usiape nalo. Mwenzake Maria Ovsiankina aliona mtu aliyekatishwa akiachwa peke yake anairudia kazi bila kuambiwa, na hilo limesimama vizuri zaidi. Mimi vijijini naona hivyo hivyo, maneno wanasahau ila hamu ya kurudi wanayo. Darasa la tatu tumia mbili tu. Fungua na "paukwa" wakuitikie "pakawa", na kila ukivuka kwenda hadithi nyingine badilisha pa kusimama, mlangoni hii, dirishani ile, ukirudi mlangoni wanajua wenyewe tumerudi kwa sungura.

mama_vitumbua: Mie nakatia kwenye voisi za wasap za wateja wangu, naishia "sasa mafuta yakashika moto..." natuma ya pili asubuhi. Oda zinakuja humo humo 😂

Hahaa nimeiba hiyo. Ila voisi ziwe fupi, wengine wanasikiliza kwa spidi mara mbili na sauti ya kushuka haina kazi tena.

mwl_zamu: Samahani tena, kwani yule mtoto wa Msamvu aliishia vipi?

Duh. Nimerudia kosa lile lile. Alipona mwalimu, muuza kahawa alitoa hela ya dawa. Sasa hivi yuko darasa la tano, mtundu huyo.