Shali ya vitundu kama mkate wa kumimina

Jamani mkate wa kumimina ukiukata ndani una vile vitundu vya hamira, na juu umebabuka kwa makaa ya mfunikoni, mi nikaona hii shali kabisa, ya kujifunikia asubuhi za kipupwe kusi likivuma. Chukua uzi wa pamba rangi ya maziwa, wa sufu hapa Unguja utakutoa jasho, na sindano 2 za kufumia za milimita 5.

Anza na vitanzi 4. Kila mstari fuma 2, zungusha uzi kwenye sindano mara moja, halafu fuma mpaka mwisho, inakuwa pembe tatu yenyewe. Mstari wa 8, wa 16, wa 24, hivyo hivyo kila wa nane, ndo wa vitundu: fuma 2, zungusha uzi, fuma 1, kisha zungusha uzi fuma 2 kwa pamoja, hivyo hivyo mpaka vibaki 2 au 3 uvifume kawaida. Usivute uzi sana, utakuwa mkate usoumuka.

Ikishakutosha mabegani, mistari 6 ya mwisho tia uzi wa kahawia, ndo pale palobabuka. Funga vitanzi kwa kulegeza. Iroweke, ikamulie kwenye taulo, itandaze juu ya godoro uibane na pini huku unaivuta mpaka vitundu vifunguke, iache ikauke hapo hapo.