Koki ya Bonneville, usiisahau rizevu

Mwenye pikipiki ya Triumph Bonneville ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), zile zilizorudi sokoni 2001 zikiwa na sura ya mama yao wa 1959, zingatia: haina geji ya mafuta. Kuna koki tu chini ya tanki, upande wa kushoto, na mkono wako ndiyo geji yenyewe.

Ukijaza mafuta hapa Tabora, sukumia tripu, kile kihesabu kilomita za safari, kwenye sifuri. Yangu huanza kukohoa karibu na kilomita 210. Hapo bila kusimama napeleka koki kwenye rizevu, ile akiba ya mafuta ya chini ya tanki, injini inakata kidogo kisha inashika. Jizoeshe kuipapasa ukiwa na glavu, macho yabaki barabarani.

Kosa langu lilikuwa jingine. Nilijaza mafuta, nikasahau kurudisha koki. Siku kadhaa baadaye nikaelekea Urambo nikijiamini, bado inakunywa kutoka rizevu bila mimi kujua. Ilipozima, hakukuwa na akiba ya kugeukia. Nilisukuma chuma cha kilo zaidi ya mia mbili hadi kwenye mwembe, nikamsubiri bodaboda aniletee petroli ya kwenye chupa, na kicheko juu.

Sasa sifungi mfuniko wa tanki kabla sijagusa koki. Ukiegesha usiku, ifunge kabisa, maana sindano ya kabureta, ile inayozuia petroli isiingie kupita kiasi, ikichoka petroli hujaa na kumwagika.

Na usiiendeshe kama unakimbiza treni. Injini ile ya silinda mbili raha yake ni mwendo wa themanini, ikinguruma taratibu.