Kubana mafuta bila kuua raha ya gari la kispoti

Mwenye gari la kispoti akitaka kubana mafuta, huanza kwa kuigusa pedali kwa woga. Gari linajikokota, raha inakufa, na tangi linaisha vilevile. Nami nilianza hivyohivyo. Langu lina injini ya lita 2 yenye turbo, yaani pangaboi linaloisukumia injini hewa, na gia za mkono, na nilijiwekea sharti la kutovuka mizunguko ya injini, au raundi, 2,500 kwa dakika. Nilivumilia wiki tatu. Daftari ninaloweka kwenye droo ya dashibodi likaonyesha nimeshuka kutoka lita 11.2 hadi 10.7 kwa kila kilomita 100. Nusu lita tu, kwa wiki tatu za kuendesha gari ninalolipenda kana kwamba si langu.

Kumbe nilikuwa nabana mahali pasipovuja. Mafuta mengi yanapotea kwenye breki.

Tupige hesabu. Gari la kilo 1,300 likifika kilomita 100 kwa saa, linakuwa limebeba nguvu ya mwendo ya kilojuli 500 hivi. Lita moja ya petroli ina takriban megajuli 32, lakini injini hugeuza kama robo tu kuwa mwendo, nyingine zinatoka kama joto. Kwa hiyo kulifikisha gari kwenye kasi ile kunakula karibu mililita 60 za petroli, bila kuhesabu upepo na msuguano wa tairi. Hicho ni kikombe kidogo cha kahawa. Ukikanyaga breki mpaka ukasimama, kikombe kizima umekimwaga kwenye diski kikawa joto. Ukisimama kutoka kilomita 120, umemwaga mililita 90.

Basi zoezi la kwanza ni la macho. Tazama mbali: taa nyekundu, lori linalopanda taratibu, foleni inayoanza kujikusanya. Ondoa mguu kwenye mafuta mapema na uache gari ndani ya gia. Injini za kisasa hukata petroli kabisa hapo, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Usitie frii, yaani usilitoe gari kwenye gia. Gari likiwa frii, injini inahitaji petroli ili isizimike, na wewe unapoteza uwezo wa kulidhibiti.

Kuongeza kasi nako kuna siri yake. Injini ya petroli ikikanyagwa kidogo sana inavuta hewa kwa shida kupitia mlango uliokaribia kufungwa, na juhudi hiyo ni mafuta yanayopotea bure. Mimi hukanyaga kama theluthi mbili ya pedali, nikabadilisha gia mapema, karibu na raundi 2,500, mpaka nifike gia ya juu, kisha nalegeza. Gari linaondoka kwa moyo, mgongo unausikia msukumo wa turbo, na muda wa kunywa unakuwa mfupi. Ila usiizamishe pedali mpaka chini kila mara: injini nyingi za turbo zikikamuliwa hivyo hujiongezea petroli ya ziada ili kupooza joto.

Sasa kona, maana huko ndiko gari hizi zinakojieleza. Kuna kona moja ya kushoto ninayoipita karibu kila siku, inabana kuelekea mwisho. Zamani niliikimbilia, nikashika breki kwa nguvu, nikapinda, halafu nikakanyaga mafuta yote kutoka. Vishindo vingi, mwendo kidogo. Siku hizi naachia mafuta mapema, nashuka gia ya tatu huku nikiipandisha injini kidogo ili klachi isishtuke, naingia na kasi moja na kuishikilia. Usukani unakuwa mzito taratibu, nausikia uzito wote ukilalia tairi ya mbele kulia, na ninapoiona barabara ikifunguka nafungua mafuta kidogokidogo pamoja na usukani unavyonyooka. Ndani ya kona napita na mwendo uleule wa zamani, lakini sikuupoteza kwanza ndipo niununue tena. Yote haya ndani ya kasi inayoruhusiwa, na ndani ya umbali ninaouona.

Kwenye barabara iliyonyooka ndipo ninapokuwa bahili. Ukitoka kilomita 100 kwenda 120, upepo unalisukuma gari nyuma kwa asilimia 44 zaidi, na usukani haukuambii lolote jipya. Natulia kwenye 100 na kuiwekea akiba milima.

Ukitaka kuipeleka injini mpaka mwisho wa raundi, ipeleke, ila subiri oili ipate joto kwanza. Mshale wa joto la maji huwahi, oili huchelewa dakika kadhaa. Na injini baridi inakunywa sana, kwa hiyo safari tatu fupi zifanye moja ukiweza.

Mengine ni ya dakika chache. Pima upepo wa tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usizidishe ukidhani unabana mafuta zaidi, utapunguza mshiko. Vua keria ya juu kama haina mzigo. Weka petroli ya oktani iliyoelekezwa na watengenezaji, kwa sababu ikiwa ya chini injini huchelewesha cheche za plagi kujilinda, nawe unapoteza nguvu na mafuta pamoja.

Kisha pima kwa kalamu. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, endesha, jaza tena vilevile, gawanya lita kwa kilomita na uzidishe kwa 100. Tangi moja halitoshi, angalau matatu. Pembeni andika uliendeshaje. Mstari wangu wa mwisho unasema 8.9, na kando yake: "Jumapili milimani, raundi mpaka mwisho mara sita."